Sura ya Shabani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka chai hunishinda kumeza. Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Xiaobei ambayo siku hizi imegeuzwa duka la simu. Mzee mmoja aliniuliza swali fupi, nami nikamjibu kwa neno moja. Neno lenyewe halikuwa tusi. Lilikuwa neno la adabu kabisa, na ndilo linalonifanya leo nikuketishe hapa badala ya kulala mchana kama wenzangu wa rika langu. Kaa nikusimulie. Na simu hiyo iweke kando, yaliyomo humo yatakungoja.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita. Usinitazame hivyo, hata mimi niliwahi kuwa na miaka ishirini na sita, nikavaa jinzi za kubana na kutembea ule mwendo wa Kariakoo ambao anayepishana nawe ndiye anayekwepa. Nilikuwa nimekuja huku China, Guangzhou, mara ya nne au ya tano, na nikajiona ninajua kila kitu. Nilijua basi la kwenda Xintang kwa jinzi, na gari la kukodi la kwenda Shiling kwa mikoba. Nilijua kumwita mwenye kiwanda laoban, yaani bosi, na nilijua kwamba laoban akikuambia mei you, hakuna, mara nyingi kipo ila hajaamua kukupa. Maarifa yangu yaliishia hapo, lakini nani angethubutu kuniambia? Sikio la kufa halisikii dawa.

Watu wa nyumbani walikuwa wakinituma niwakagulie mizigo yao. Desturi ya hapa unaijua, na kama huijui utaijua. Kiwanda hakianzi kazi mpaka kikuonyeshe sampuli, na sampuli hiyo mtu lazima aitie sahihi. Mimi ndiye niliyekuwa mtu huyo. Naenda, nashika kitambaa, navuta mshono, nafungua zipu na kuifunga mara tatu, halafu natia sahihi kwa mbwembwe kama waziri. Sahihi ikishatiwa, mashine zinaanza kunguruma, na kosa lililokuwamo kwenye sampuli si la kiwanda tena. Ni la aliyetia sahihi.

Basi mwaka ule mjomba wangu wa Tabora akanipigia simu kwamba kuna mzee anakuja, nimpokee na nimsimamie shughuli yake. Nikadhani analeta biashara ya matairi au pampu za maji. Nikaenda uwanja wa ndege, nikamkuta mzee mrefu, mkavu, koti la kaki, mkono mmoja umeshika fimbo na mwingine umekumbatia bahasha nene kama mama aliyekumbatia mtoto wa homa. Jina lake Mzee Yusufu, lakini kwao hakuna aliyemwita hivyo. Walimwita Bwana Nyuki, kwa sababu ujana wake wote alikuwa bwana nyuki wa serikali, akizunguka na mizinga kwenye misitu ya magharibi, kutoka Mpanda kuteremkia upande wa ziwa. Alikuja kuchapa kitabu.

Alikuwa ameshaandika viwili kabla ya hapo. Cha kwanza kilikuwa historia ya mpakani: jinsi mstari uliochorwa na wageni ulivyopita katikati ya nyumba ya mtu na shamba lake la mihogo, mtu akawa anavuka nchi kila asubuhi na jembe begani. Cha pili kilikuwa juu ya wachukuzi wa chumvi waliopita njia zile kabla hapajawa na barabara. Vyote viwili vilikwisha madukani zamani, na aliyevichapa naye alikufa. Hiki cha tatu kilikuwa cha maisha ya porini penyewe, kambi za asali, na watu aliokaa nao huko. Wanafunzi wake wa zamani wa ufugaji nyuki walimchangia tiketi ili aje akishike kwa mikono yake kabla hakijatoka. Nasema akishike, kwa sababu kukiona hakuweza. Presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga kidogo tu pembeni, akawa anakutambua kwa sauti na kwa nyayo.

Siku ya kwanza pale hotelini alifungua ile bahasha kwa vidole, akanionyesha vitu viwili. Kimoja kilikuwa rundo la karatasi zilizopigwa taipureta. Cha pili kilikuwa daftari la shule, lile la mistari, limeandikwa kwa penseli, herufi kubwa zinazopanda na kushuka.

"Hii ndiyo sura ya mwisho," akaniambia. "Utepe wa taipureta ulikwisha, na macho nayo yalikuwa yanakwisha. Nikaandika kwa mkono, kwa kupapasa. Mjukuu wangu, kitabu chote nimekiandika kwa ajili ya sura hii."

Akanieleza. Alikuwa na mwenzake wa kazi akiitwa Shabani, na msimu mmoja wa mizinga walikuwa wawili tu kambini. Shabani akafa huko. Bwana Nyuki akamzika peke yake, akachimba kwa jembe na kwa kucha, akaweka alama kwenye miti ya njiani. Aliporudi, mke wa Shabani alikuwa ameshachukua mtoto wao mchanga na kuvuka mpaka kwa ndugu zake. Bwana Nyuki alimtafuta mtoto yule miaka na miaka. Alipompata, mtoto alikuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi pale pale Mpanda, jina lake Zaituni, na yeye Bwana Nyuki hakuwa tena na macho ya kumwongoza wala miguu ya kumfikisha.

"Njia ya kaburi la baba yake imo humu," akasema, akiligonga lile daftari. "Nimemwambia Zaituni, usiniulize, utaisoma mwenyewe."

Nikamuuliza, kwa kiherehere changu, kwa nini asimwambie tu kwa mdomo, gharama zote hizi za nini. Akasema kuna mambo mkono unayaweza na mdomo hauyawezi. Mimi nikaona huo ni uzee.

Nikapeleka bahasha kwenye kiwanda kimoja pembezoni mwa mji, kilichokuwa kikichapa kalenda na maboksi ya viatu. Wasichana wa pale wakaipiga ile kazi herufi kwa herufi bila kujua neno hata moja la Kiswahili. Kwa hiyo sampuli ilipotoka, ikawa lazima mtu aisome yote kwa sauti, Bwana Nyuki asikie kama maneno yake yamebaki yake. Mtu huyo nikawa mimi.

Nikamsomea siku nne, kila alasiri, kwenye viti vya ukumbini. Siku ya kwanza nilisoma kama karani wa mahakama. Siku ya pili, sitakuficha, nilinogewa kidogo. Palikuwa na habari za ndege anayewaita watu porini na kuwaongoza mpaka kwenye mzinga wa asali, na jinsi wenyeji wanavyomwachia kipande cha sega, kwa sababu hupaswi kula peke yako na aliyekuonyesha njia akitazama. Lakini simu yangu ilikuwa ikilia kila ukurasa. Laoban wa Xintang anataka hiki, mteja wa Dar anataka kile. Bwana Nyuki alikuwa akingoja nimalize kuongea, mikono juu ya fimbo, wala hakuguna.

Siku ya tatu aliniambia jambo. Alisema, "Mimi nimekaa kambini miezi minne bila kuona sura ya mtu, na sikuwahi kuwa mpweke. Porini kila kitu kinakusemesha. Hapa nasikia watu maelfu wakipita, na hakuna anayejua kama nipo." Nikamjibu atazoea. Nilikuwa na njaa, nikawaza wali wa Wahui, wale Waislamu wa Kichina, pale mtaani, na maneno yale yakapita kama yanavyopita matangazo ya redio.

Ndipo ikafika Jumatano.

Kontena langu lilikuwa linafungwa kesho yake kwenye bandari ya Nansha, na jinzi zangu zilikuwa bado ziko Xintang sakafuni, hazijafungwa. Laoban alikuwa amenipigia mara tatu: uje sasa, au mzigo wako ubaki. Kiwanda cha kuchapa nacho kilikuwa kimemtuma mtu, amekaa kwenye kiti cha pili, anangoja sampuli yenye sahihi. Na kitabu kilikuwa kimebaki thuluthi nzima sijaisoma. Nikamwambia Bwana Nyuki kwamba mimi mwenyewe nimekimalizia chumbani asubuhi, kiko sawa, atie sahihi.

Akageuza uso upande wangu. "Sura ya Shabani imo?"

"Imo, Babu."

"Umeiona kwa macho yako?"

"Nimeiona."

Mwanangu, kile kitabu kilikuwa mapajani mwangu. Kufunua kurasa za mwisho kungenichukua muda wa kumeza mate. Nimejiuliza sana kwa nini sikufunua, na jibu nimelipata, nalo linanitia aibu mpaka leo. Niliogopa kwamba nikifunua atasikia mlio wa karatasi, atasema, basi nisomee hiyo moja tu. Na mimi nilikuwa nataka kwenda Xintang.

Akatabasamu. Nilikuwa sijawahi kumwona akitabasamu hivyo, mdomo wote. Nikampa kalamu, nikaushika mkono wake ambao ulikuwa mgumu kama gome, nikauongoza mpaka mahali pa sahihi. Mtu wa kiwanda akachukua sampuli yake akaondoka. Mimi nikakimbilia basi. Nakumbuka nilikuwa nimefurahi, kwa sababu niliziwahi jinzi zangu na zikafungwa zote.

Bwana Nyuki akarudi nyumbani kwa ndege. Vitabu vilipokamilika nikavisafirisha ndani ya kontena lililofuata, chini ya mizigo ya watu, na sikufungua hata boksi moja. Nilikata kipande cha utepe wa gundi pembeni nikachungulia jalada. Jalada lilikuwa zuri.

Miezi ikapita. Alasiri moja nikiwa dukani kwa watu nasubiri bei, simu ikalia, namba ya nyumbani. Ilikuwa sauti ya Bwana Nyuki, na nyuma yake jogoo wanawika, kwa sababu kule ilikuwa bado asubuhi. Tukasalimiana kwa kirefu, kama wazee wanavyosalimiana. Akaniuliza afya, akaniuliza kazi, akaniuliza kama baridi imekwisha.

"Vitabu vimefika, mjukuu wangu," akasema. "Karatasi nzuri. Inanukia. Zaituni ameshika kimoja, amekaa hapa, amekifungua mwisho. Shabani hamo."

Nikaanza kujitetea, na ulimi ulivyo hauna mfupa, nikamwambia ni kiwanda, kiwanda ndicho kilichoacha, watu hawa hawako makini, nitawashughulikia.

Akaningoja nimalize, kama alivyokuwa akiningoja nimalize simu zangu. Kisha akasema, "Kiwanda hakijui Kiswahili. Wewe unajua."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningepona mapema. Nikasikia upande wa pili mtu akivuta kiti na kutoka nje, nikajua ndiye Zaituni.

Siku ile ile nikaenda kiwandani. Nikamwambia laoban nataka daftari, la mistari, la penseli. Akaita wasichana wake. Mmoja akakumbuka: alilikuta ndani ya bahasha, akadhani ni maandishi ya mtoto au hesabu za mtu, kwa sababu halikuwa limepigwa taipureta kama kurasa nyingine. Alikuwa ameliweka kando, akitegemea kwamba likihitajika mwenye sampuli atauliza. Mwenye sampuli hakuuliza, alitia sahihi. Sasa liko wapi? Mei you. Safari hii ilikuwa mei you ya kweli. Karatasi za kando zilikuwa zimeshauzwa kwa wanaozisaga. Hata hivyo nikaingia banda la nyuma, nikapekua magunia ya karatasi kutwa nzima, mpaka vidole vikachanika, na wasichana wale wakaniletea maji ya moto ninywe. Walinihurumia bila kujua sababu. Sikupata kitu.

Nikampigia Bwana Nyuki, nikakiri. Nikamwambia: Babu, sikuiona, wala sikufunua kurasa. Akasema, "Nilijua uliposema kiwanda." Nikamwomba anitamkie ile sura kwenye simu, niiandike upya, tuichape kama kijitabu. Akakubali. Tukapanga kila Ijumaa, alasiri yangu, asubuhi yake. Zaituni alikuwa akinipigia, anampa simu, kisha anatoka, kwa sababu alishajua kwamba mzee hawezi kuyasema mbele yake.

Ijumaa ya kwanza ndipo nilipoelewa mdomo ulikuwa umeshindwa nini. Shabani alianguka kutoka mtini. Ilikuwa imenyesha, gome linateleza, na Shabani alisema tungoje kesho. Bwana Nyuki ndiye aliyemwambia panda leo, mzinga mmoja tu umebaki, tumalize turudi. Alilisema hilo mara moja tu. Nikaliandika kama alivyolisema. Mimi mtu wa haraka, nikamsikiliza mtu ambaye haraka ilimfanya azike rafiki kwa kucha, na nikajua kwa nini hakunikasirikia kama nilivyostahili.

Ijumaa zilizofuata akaanza njia. Kijiji cha mwisho. Mto mkavu unaoufuata kwa mkono wa kulia. Mninga wenye alama mbili za shoka, usawa wa kifua. Kutoka mninga unatembea mpaka vichuguu vitatu vilivyokaa kama mafiga. Nikawa naandika naye anatulia, anarudi nyuma, anasahihisha. Tulifika kwenye vichuguu Ijumaa ya tano.

"Hapo unapinda," akasema.

"Unapinda upande gani, Babu?"

Akaanza tena kutoka kwenye mto, polepole, akafika kwenye mninga, akafika kwenye vichuguu. "Unapinda," akasema, akasimama tena pale pale.

"Basi tutaendelea Ijumaa ijayo, Babu."

"Nilikuwa nimeiandika," akasema. "Nilipokwisha kuiandika nikaiacha. Miaka yote nilikuwa nalala nayo na kuamka nayo, nikaona sasa imekaa mahali salama, nikapumzika. Haipo tena kichwani, mjukuu wangu. Ilikuwa kwenye daftari."

Tulijaribu Ijumaa nyingine saba au nane. Mara akasema kulia, mara akasema kuna korongo, kisha akasema korongo ni la kambi nyingine. Halafu akaanza kuchanganya majina. Ijumaa moja Zaituni alipiga lakini hakumpa mtu simu. Akaniambia Bwana Nyuki amefariki, na kwamba watamzika baada ya sala ya Ijumaa. Nilikuwa peke yangu chumbani na daftari jipya mbele yangu. Sikuwa na mtu wa kumwambia, maana hapa hakuna aliyemfahamu zaidi yangu. Nililia kilio cha mtu asiye na wa kumbembeleza, ambacho huisha chenyewe tu.

Mwaka uliofuata nikaenda Mpanda. Mkono mtupu haulambwi, na mimi nilikwenda na nusu ya sura. Zaituni alikuwa mwanamke mpole, mnene kidogo, sauti ya darasani. Alinipokea vizuri mno, akanipikia, akanitandikia, na mimi ningependa zaidi kama angenifungia mlango. Nikampa yale maandishi, akayasoma yote mbele yangu, pamoja na habari ya gome na mvua. Alipomaliza akayakunja, akasema, "Twende tufike yanapofika."

Tukapata mrina asali wa kutuongoza, tukatembea siku moja na nusu. Mto ulikuwepo. Mninga ulikuwepo, na zile alama mbili zilikuwa zimenenepa pamoja na mti, lakini zilikuwepo. Vichuguu vitatu vilikuwepo, vimekaa kama mafiga, kama alivyosema. Kutoka hapo msitu ni mmoja pande zote. Tulitafuta kulia, tukatafuta kushoto, tukatafuta mpaka maji yakakaribia kwisha na mrina asali akasema turudi. Kaburi la mtu mmoja baada ya miaka thelathini na ushee si kitu ambacho jicho linakiona bila kuambiwa.

Zaituni akajifunga vizuri ushungi wake. Akasimama katikati ya vile vichuguu, akatoa salamu kama mtu anavyowasalimia waliomo makaburini. Kisha akageuka upande wa pili, akatoa salamu tena. Akageuka wa tatu, akageuka wa nne. Kila upande alisalimia kwa sauti ile ile, kwa ukamilifu, asije akawa amempa baba yake kisogo.

Nilikaa chini kwenye majani. Alipomaliza akaja akakaa karibu nami. Kisha akaniambia, bila ukali wowote, "Dada, ungesema tu kwamba hujaangalia. Mzee angengoja. Alikuwa hodari sana wa kungoja."

Hakuongeza neno, na hatukulizungumzia tena mpaka tunaagana. Kila Idi ananitumia salamu, fupi, za heshima. Mimi huzijibu, fupi, za heshima. Hatujawahi kupita hapo, na najua sitapita.

Mwanangu, nimebaki katika mji huu muda mrefu kuliko wote niliokuja nao. Wengine wamerudi, wengine wamezikwa, watoto wangu nawaona kwenye kioo cha simu wakiniambia mama kula vizuri. Hapa Xiaobei mwenye miaka hamsini ameshakuwa mzee wa mji, ndiyo maana mnakuja kuniuliza mambo ya viza na vyumba. Hukaa dirishani alasiri nikisikia watu maelfu wakipita, na yale maneno ya Bwana Nyuki niliyoyapuuza yananirudia. Kile kitabu chake ninacho. Nimeshakisoma chote, tena na tena, ile thuluthi niliyoiruka naisoma kuliko nyingine. Ni kizuri, mwanangu. Laiti ningemsomea yeye.

Sasa nasaha yangu, na sitaipamba. Mji huu utakufundisha kusema ipo, tayari, nimeangalia, hakuna shida. Utayasema kwa laoban, utayasema kwa mwalimu wako wa chuo, utayasema kwa mama yako kwenye simu akikuuliza kama umekula. Mengi yatapita salama, na hapo ndipo hatari ilipo, maana utazoea. Siku moja atakuuliza mtu ambaye ameweka kwenye jibu lako kitu ambacho hakipatikani mara ya pili, na hakitakuwa kimeandikwa usoni mwake. Kwa hiyo usichague wa kumwambia kweli. Kama hujaangalia, sema sijaangalia. Ni maneno mepesi, hayajawahi kumuua mtu. Utaonekana mvivu kwa saa moja, basi. Na ukishasema, keti chini, funua kurasa, angalia. Basi likikuacha, lipo jingine. Anayetegemea macho yako usimwibie, kwa sababu hata ukitaka kumrudishia baadaye, huenda asiwepo wa kupokea.

Nenda, mwanangu. Mungu akukinge na jibu jepesi siku ya swali zito. Akupe watu wa kukungoja, na akupe moyo wa kutowachosha kwa kukungoja. Na wafu wako wote, popote walipolala, akujalie ujue upande wa kuwaelekea unapowasalimia. Amina.